Jicho linaona daraja, lakini mukono ugonge mwamba

Wasomaji wetu wa mungodi, leo hatuongei bei ya shaba wala ya kobalti. Tunaongea juu ya muchezo wa telefoni. Musitucheke: mutu anayeingia chini ya udongo kila siku atapata mu huu muchezo neno linalomuhusu kuliko mutu wa biro.

Muchezo unaitwa Monument Valley. Ulitengenezwa London, Uingereza, na kampuni ustwo games, ukatoka mwaka 2014. Siye tumeucheza kwa mara ya kwanza juma hili, wakubwa na watoto juu ya telefoni moja, kila mutu na kidole chake. Si muchezo wa mupira, si wa bunduki. Hakuna saa inayokimbia, hakuna pointi, na hakuna kufa. Kuna mutoto mwanamuke mumoja, Ida, mwenye kanzu nyeupe na kofia ya ncha. Anatembea juu ya minara na ngazi, na kazi yako ni kumupatia njia ya kufika ku mulango.

Njia inatokea ukigeuza

Mwanzo wote tulisema: njia haiko. Daraja limekatika, upande mumoja uko chini, mwingine uko juu. Alafu fasi moja kuna mukono wa kuzungusha, sawa ule wa kupandisha ndoo kutoka ku kisima. Unauzungusha kwa kidole, kipande cha munara kinageuka, na ghafula ncha ya chini inaonekana imeshikana na ile ya juu. Akili inasema: "Haiwezekani!" Ida hangoji akili yako. Anapita tu.

Njo sheria ya ule muchezo, nayo ni moja: vitu viwili vikionekana vimeshikana ku kioo, basi vimeshikana kweli. Mutoto mumoja wa miaka tisa aliielewa mbele ya papa yake. Papa alitafuta njia namna inavyopaswa kuwa. Mutoto alitafuta namna inavyoonekana. "Papa, geuza tu, usifikiri mingi!" Tukacheka wote. Kisha papa mwenyewe akakatala kurudisha telefoni.

Kuna kunguru weusi wanaotembea na kupiga kelele, wanamufungia Ida njia. Kuna pia rafiki yake, nguzo ya rangi ya manjano yenye jicho moja, inayokubali kukanyagwa sawa ngazi. Sura ni 10, na mutu anaweza kuzimaliza kwa saa chache. Mwaka 2017 wakatoa muchezo wa pili, wa mama anayetembea pamoja na mutoto wake. Wamama wengi watapenda ule.

Jicho linadanganywa namna gani?

Mambo haya hayakuanza na telefoni. Mwaka 1934 Oscar Reutersvärd, muchoraji wa Sweden, alichora vipande vya pembe nne vilivyopangwa pembe tatu. Ku karatasi unaiona vizuri. Kuijenga kwa matofali, hakuna fundi atakayeweza. Mwaka 1958 Waingereza wawili, Lionel Penrose na mwana wake Roger, waliandika juu ya pembe tatu ya namna ile na ngazi isiyo na mwisho. Muholanzi M. C. Escher akachukua mawazo yao. Mwaka 1960 alichora watu wanaopanda ngazi bila kufika juu, na mwaka 1961 maji yanayoshuka kisha yanajikuta tena kule yalikotoka. Yule mwana, Roger Penrose, njo alipata Nobel ya fizikia mwaka 2020.

Siri yake si ya uchawi. Simama ku barabara kubwa ya kwenda Likasi: kamio ya mbali inaonekana ndogo sawa kisanduku cha alimeti. Ule udogo njo alama inayoambia jicho kwamba kitu kiko mbali. Muchezo unaondoa ile alama. Ngazi ya mbali inachorwa kwa ukubwa uleule wa ngazi ya karibu, basi jicho halijui tena ni gani iko mbele na ni gani iko nyuma. Ncha mbili zikianguka fasi moja ku kioo, jicho linazifunga pamoja.

Chini ya udongo sheria ni ingine

Hapa njo sababu tumeandika hii kwa familia za mungodi. Mu muchezo, kinachoonekana kimeshikana, kimeshikana. Mu mungodi, jiwe linaweza kuonekana limeshikana na paa, kumbe liliachana zamani. Na kule pia jicho linakosa alama zake: giza, vumbi, rangi moja ya udongo kila upande. Hata taa ya kichwa inasaidia kudanganya. Sababu mwanga wake unatoka karibu na macho, vivuli vinajificha nyuma ya mawe yenyewe, na ufa hauonekani. Toa taa ku kichwa, umulike paa kwa upande: ufa utaonyesha kivuli chake.

Lakini mwanga peke yake hautoshi. Wazee wa mungodi wanajua: kugonga. Unasimama fasi iliyokwisha kuangaliwa, njia ya kukimbia iko wazi nyuma yako, unagonga paa ya mbele kwa baramini. Jiwe zima linajibu kwa mulio mukali. Jiwe lililoachana linajibu kwa mulio mufu, sawa sanduku tupu. Lile lishushwe kwanza, watu waingie nyuma.

Tena tuseme kweli yote: mulio muzuri unaongea juu ya jiwe la karibu tu. Tabaka nene likiachana mbali kule juu, baramini haitalisikia. Njo maana mbao na nguzo hazitolewi, hata kama paa "inaonekana muzuri".

Na shimo ni vilevile. Ukiinama ku mudomo wake, giza halina metre. Sheria ya Kongo haikubali wakreseri wapite metre 30 kwenda chini. Jicho halitakuambia kama umefika. Kamba yenye mafundo itakuambia.

Zile dakika si uvivu

Batri za telefoni mingi zina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka hapa kwetu. Basi wakati mutoto anageuza munara wa Ida, pengine anashika mu mukono gramu chache za jiwe ambalo mutu sawa papa yake alilipandisha. Ni haki yake aucheze. Wacha akufundishe kugeuza, nawe umufundishe kugonga.

Neno letu la mwisho ni kwa wabibi na wana walio ku nyumba. Tunajua vile inakuwa ku shimo: mununuzi anangoja mifuko, mukubwa wa ekipe anapiga kelele, na mutu anayesimama kugonga paa anaitwa mwoga. Akirudi jioni na mufuko mumoja kupungua, naye anasema walikaa wakiangalia paa, musimukasirikie. Mumupe maji ya kunawa, mumuwekee bukari. Yeye njo amefanya kazi vizuri kuliko wote.