Skripti Isiiamini Faharasa Peke Yake

Mwandishi wa skripti za AutoHotkey kwenye Windows, akihitaji faili asiyojua ilipo, mara nyingi huandika kitanzi kinachoingia folda moja baada ya nyingine hadi diski yote iishe. Njia hiyo ni sahihi, ila ni ghali: kila folda lazima ifunguliwe, ruhusa zikaguliwe, orodha isomwe, kisha kazi ianze upya ngazi ya chini. Skripti ikiendeshwa mara kumi kwa siku, msako huo hurudiwa mara kumi juu ya diski ambayo karibu yote haijabadilika. Ndiyo maana nashikilia kwamba kutafuta kuachiwe zana yenye faharasa, na skripti ibaki na wajibu wa kuthibitisha.

Chukua Everything, programu ya bure ya voidtools. Mfumo wa faili wa NTFS, uliokuja na Windows NT mwaka 1993, una jedwali kuu ambamo kila faili ina rekodi yake, kwa kawaida ya baiti 1,024, yenye jina la faili na rejeleo la folda iliyoibeba. Everything haizunguki kwenye folda. Husoma jedwali hilo moja kwa moja na kuyaweka majina yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Tangu Windows 2000, NTFS pia inaweza kutunza daftari la mabadiliko, ambamo kuundwa, kufutwa na kubadilishwa jina kwa kila faili huandikwa. Programu husoma mistari mipya tu ya daftari hilo, na faharasa huifuata diski karibu papo hapo. Skripti huuliza kupitia amri ya es, nayo hujibu kwa njia kamili za faili, moja kwa kila mstari.

Wapo watakaosema diski za SSD zimeondoa haja hiyo. Kwa folda moja unayoijua, wana haki kabisa: kitanzi chatosha. Lakini SSD imeharakisha kusoma tu. Idadi ya folda za kufungua iko palepale.

Pingamizi zito zaidi ni la faharasa iliyopitwa na wakati. Kwenye Unix, James Woods alieleza mwaka 1983 mbinu iliyozaa amri ya locate, ambayo hifadhidata yake kwa desturi hujengwa upya mara moja kwa siku. Faili ya asubuhi hii huenda isiwemo, na iliyofutwa jana usiku bado ikaorodheshwa. Mtu aliye mbele ya skrini hubofya, huona haipo, huendelea na shughuli zake. Skripti haina macho hayo. Hata hivyo makosa haya mawili hayalingani. Faili iliyotajwa lakini haipo hugunduliwa kwa kuikagua kwenye diski kabla ya kuigusa. Locate yenyewe hufanya hivyo ikipewa chaguo la -e. Faili iliyopo lakini haikutajwa haigunduliki kwa ukaguzi wowote wa majibu, kwa kuwa hakuna jibu la kukagua. Hapo skripti huuchukua ukimya kuwa ushahidi, na nakala ya akiba hukamilika ikiwa na pengo. Kwa hiyo popote ambapo kukosa faili moja ni hasara, zunguka folda kwa kitanzi na uvumilie muda.

Tahadhari hiyo inahusu pia diski za flashi za FAT32 na folda za mtandao, ambazo Everything hulazimika kuzipitia folda kwa folda. Tena, ikiwa Everything haiendeshwi, es hurudisha namba ya kosa. Skripti isiyoisoma namba hiyo itadhani hakuna faili. Na kwa kuwa jedwali kuu husomwa chini ya ngazi ya ruhusa, kwenye kompyuta ya pamoja ofisini mtumiaji mmoja anaweza kuona majina ya faili za mwenzake, hata asipoweza kuzifungua. Msimamizi alijue hilo kabla ya kuiweka.

Kwa skripti inayofuta, kuthibitisha kuwa faili ipo hakutoshi. Ichukue ukubwa na tarehe ya mabadiliko kutoka kwenye faharasa, ivisome tena kwenye diski, na vikitofautiana iiache faili na kuiandika kwenye kumbukumbu za kazi ili mtu aiangalie.