Mama aliyeshona karatasi ndani ya kikwembe

Kwenye kilio tumezoea kusema: "Marehemu alikuwa mama mwema, alipika vizuri, alipokea wageni." Ni maneno ya kweli na tuendelee kuyasema. Lakini mama yangu, aliyetuacha mwaka 2024 akiwa na miaka 80, alifanya na mengine ambayo mabinti zetu wanapashwa kuyajua.

Alizaliwa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika. Shuleni alisoma miaka minne tu. Alipoolewa alihamia Bukavu, na mshahara wa baba, mtumishi wa Serikali, ulipoanza kukawia, mama hakukaa kuungoja. Alirudi Uvira, akanunua ndagala kavu, akazipakia kwenye lori, akapanda nazo milima ya Ngomo mpaka soko la Kadutu. Faida ya safari ya kwanza ilitosha unga na sabuni. Ya pili ililipa shule ya kaka yetu mkubwa.

Kutoka ndagala alifika kwenye vikwembe, na vikwembe vilimtoa mbali. Alivinunua Bujumbura, halafu Kigoma, na kutoka Kigoma alipanda treni mpaka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,200. Wauzaji wa Kariakoo walicheka Kiswahili chake cha Kongo. Aliwaacha wacheke, yeye akahesabu pesa. Safari nyingine alivuka ziwa mpaka Kalemie, akashika treni ya kwenda Lubumbashi, akilala juu ya mizigo yake siku nyingi. Akiwa na miaka zaidi ya 60 alikwenda Dubai pamoja na wamama watatu wa likelemba yao. Kila mmoja alibeba sufuria yake ndogo, maana walisema chakula cha hoteli kinakula faida.

Watu walisema mengi. "Mwanamke gani anayelala njiani?" Baba aliwajibu kwamba anayelala njiani ndiye anayelisha nyumba. Sisi watoto tulibaki na nyanya, na sitaficha kwamba siku zingine tulilia. Lakini mama aliporudi alikaa nasi chini, akafungua daftari lake, akatuonyesha: bei ya kununua, usafiri, ushuru, chakula cha njiani, kilichobaki. Hesabu nilianza kujifunza pale, mbele ya mwalimu wangu yeyote.

Hasara pia aliijua. Mwezi wa kumi na mbili 1979 Serikali ya Zaire iliondoa noti za zaire 5 na 10, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Akiba ya mama ilikuwa ndani ya sanduku, noti hizo hizo, na sehemu kubwa ilipotea. Tangu siku ile hakuweka tena akiba yote katika noti. Aliiweka katika vikwembe vizuri vilivyokunjwa, maana kikwembe hakifutwi kwa tangazo la redio.

Mwaka 1988 alitaka kununua parsele. Sheria ya Familia ya tarehe 1/8/1987 ilidai mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa mambo kama hayo. Baba aliandika ruhusa na kutia sahihi, na parsele ikaandikwa kwa jina la mama. Vita ilipofika Bukavu mwezi wa kumi 1996, tulikimbia kwa miguu. Mama alikuwa ameshona karatasi ile ndani ya pindo la kikwembe alichovaa. Sufuria tuliziacha, karatasi ikasafiri.

Sheria ya tarehe 15/7/2016 iliondoa ruhusa hiyo ya bwana. Mama alikuwa mjane tayari, mwenye miaka 72. Nilipomsomea habari hiyo alicheka sana, akasema: "Basi wewe usiombe, lakini uandike."

Maneno hayo tuliyaelewa baada ya kumzika. Kabla matanga hayajaisha, ndugu wa upande wa baba walisema nyumba ni ya ukoo wao, na kwamba sisi mabinti tuna kwetu kwa mabwana zetu. Hatukupiga kelele. Tulileta karatasi yenye jina la mama. Tukawasomea pia sheria: watoto ndio warithi wa kwanza, na msichana ana haki sawa na mvulana. Mazungumzo yalikuwa marefu na yenye machozi, lakini nyumba ilibaki ya watoto wake wote, na dada yetu mjane anaishi humo na wanawe.

Wamama, si kila mmoja wetu atafika Dubai. Lakini mambo matatu ya mama yanawezekana hata kwa anayeuza sombe barazani kwake. Uwe na daftari, na usichanganye pesa ya biashara na ya chakula. Ukinunua kitu cha thamani, jina lako liandikwe, na karatasi ikae mahali ambapo watoto wanapajua. Na uwasimulie mabinti zako ulikopita, njia, bei na hasara, ungali hai. Juma hili, kwenye mkutano wa kikundi chenu, kila mmoja aulize jambo moja: parsele tunayoishi imeandikwa kwa jina la nani?