Kijiko cha Kuvulia na Kambare wa Ewaso Nyiro



Zipo familia hapa Isiolo zenye vijana waliohamia Minnesota, huko Marekani, na kila msimu wa baridi picha zao hufika katika simu za mama zao. Watu wameketi juu ya ziwa lililoganda, wametoboa tundu katika barafu, wanateremsha kipande cha chuma king'aacho, na baada ya kitambo wanapandisha samaki. Wadogo zao waliobaki nyumbani huuliza: je, chuma kile hakiwezi kuvua katika Ewaso Nyiro?

Swali hili tusilichukulie kuwa la mchezo. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, nyumba nyingi za wafugaji ziliona mifugo yao ikiisha. Mto ulipokuwa na maji, ndani yake mlikuwa na riziki ambayo wengi wetu hatujazoea kuitafuta. Basi na tuanze kwa kukieleza chombo chenyewe, kisha tukipime kwa maji yetu.

Chombo kile huitwa kijiko, na kweli chafanana na kijiko kilichokatwa mpini. Mmarekani Julio T. Buel alikipatia hataza mwaka 1852, na husimuliwa kwamba wazo lilimjia pale kijiko cha kulia kilipomponyoka ziwani, akamwona samaki akikirukia. Hekima yake ni nyepesi kuielewa. Chuma kilichopinda kinapozama huyumba na kumeta, na samaki mwindaji hudhani ni kidagaa kilichojeruhiwa. Wasomaji wetu wa pwani wanaojua kurambaza kwa ajili ya nguru watatambua mara moja kwamba hila ni ile ile. Tofauti ni kwamba mrambazaji hukokota mshipi nyuma ya chombo, na mvuvi wa barafuni huuchezesha wima, juu na chini, katika tundu moja.

Katika kuchagua, la kwanza ni umbo. Kijiko chembamba na kizito huzama upesi, nacho hufaa maji ya kina kirefu. Kilicho kipana na chepesi huzama polepole kikipepea, nacho hufaa maji mafupi na samaki mzito wa kushawishika. La pili ni uzito: gramu 3 hadi 7 kwa samaki wadogo, na hadi 14 kwa wakubwa zaidi. La tatu ni rangi: ya fedha au ya dhahabu katika maji maangavu, na rangi kali katika maji yenye ukungu. Mshipi huwa mwembamba, wa kuhimili kilo tatu au nne, na hufungwa kwa kiungo kidogo kizungukacho ili usisokoteke.

Ama mbinu yake, asiye na subira haiwezi. Kijiko huachwa kifike chini, kisha hupandishwa kiasi cha shibiri moja. Mkono hukiinua kwa kifundo tu, shibiri moja au mbili, kisha hukiacha kianguke huku mshipi ukiwa umelegea kidogo. Halafu hutulia, sekunde tano, hata kumi. Mara nyingi samaki hushika wakati kijiko kinaanguka au kimetulia, wala si wakati kinapanda. Kwa hiyo jicho halitoki kwenye mshipi. Katika maji ya baridi kali samaki huwa mzito, na mwenye kutikisa mkono bila kupumzika humfukuza. Na kabla ya yote hayo, barafu hupimwa: ikiwa safi na ngumu, isipungue sentimita 10 ndipo mtu aikanyage.

Sasa turudi kwetu. Vijito vinavyolisha Ewaso Nyiro hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, na huko juu maji ni baridi na maangavu. Ndimo anamoishi trauti, samaki aliyeletwa nchini na Waingereza mwaka 1905. Trauti huwinda kwa macho, na kijiko kidogo humhadaa. Lakini mto huo huo unapoteremka hadi Isiolo, na kuelekea Merti na kinamasi cha Lorian, maji yamekwisha kubeba udongo. Hapa yuko kambare, ambaye hutafuta chakula kwa masharubu yake na kwa harufu. Mng'aro wa chuma katika tope haumfikii. Mwenye kutumia fedha yake kununua kijiko kwa ajili ya kambare amenunua pambo.

Kinachomfaa kambare ni mshipi mnene wa kuhimili kilo 15 au zaidi, ndoana moja kubwa na imara, na chubwi la risasi la kuushikilia chambo chini mkondo usiuchukue. Chambo kiwe chenye harufu: kipande cha ini, au mabaki ya machinjioni. Hakuna haja ya kuuchezesha mshipi. Uacheni ulale chini.

Hapa akina mama hutuuliza mambo mawili. La kwanza: kambare hana magamba, je, ni halali? Katika madhehebu yetu ya Shafii ni halali, na ruhusa ya mawindo ya majini imo katika Sura Al-Maida, aya ya 96. La pili: kambare hukaa hai muda mrefu nje ya maji, je, akatwe vivyo hivyo? Samaki hahitaji kuchinjwa ili awe halali, lakini wanazuoni wa Shafii wamesema kwamba samaki mkubwa anayechelewa kufa ni sunna kumchinja ili apumzishwe. Basi msimkate wala kumtia kikaangoni angali anatapatapa. Kwa huruma hiyo hiyo tunawausia vijana wasitundike kiumbe hai ndoanani kuwa chambo, kilichokufa kinatosha. Jikoni, angalieni miiba miwili ya mapezi ya kifuani, kwani huchoma vibaya, kisha msugueni kwa chumvi na ndimu mpaka utelezi uishe.

Limebaki lililo zito kuliko yote. Katika Ewaso Nyiro mna mamba. Kambare hutembea zaidi usiku, na tamaa ya kumfuata gizani ndiyo inayoweza kumpoteza mtoto. Mtoto asiende mtoni peke yake, wala asivue baada ya magharibi. Mvuvi asimame juu ya ukingo ulioinuka, mbali na maji, wala asirudie pahali pamoja kila siku, kwani mamba hujifunza desturi za watu. Ndoana ikinasa chini, mshipi ukatwe; mtu asiingie majini kuifuata. Matumbo ya samaki yasitupwe pale pale kinamama wanapochota maji. Na ndani ya hifadhi za Buffalo Springs na Shaba msivue bila ruhusa. Ulizeni kwanza ofisi ya uvuvi ya kaunti.

Tunawaambia wazazi: vijana wakiwaomba fedha za kununua kijiko king'aacho walichokiona simuni, msiwakemee. Waulizeni maji yao ni ya namna gani, na samaki wanayemtaka hupataje chakula chake. Akijibu hayo, kijana atajua la kununua. Kisha mkumbusheni kwamba samaki mmoja si sawa na ukucha wake, na kwamba kurudi nyumbani mikono mitupu huku yu mzima nako ni neema ya kushukuriwa.

Wabillahi tawfiq.