Njia ya Kokoda: Wapagazi, Majina na Kumbukumbu ya Vita

Katika semina yetu ya tafsiri tulikuwa tukitafuta maneno ya Kiswahili ya kuwataja watu waliorudi kutoka vitani: askari wa zamani, mkongwe wa vita, mpiganaji wa zamani. Mwanafunzi mmoja akauliza: na yule aliyebeba mizigo ya askari bila kupewa bunduki, yeye ataitwaje? Darasa likanyamaza. Swali hilo lina uzito hapa kwetu, kwa maana jeshi la Kongo lililoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 lilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi waliokuwa wengi kuliko askari wenyewe. Lakini katika makala haya tutalitazama kwa mfano wa mbali, mahali ambapo njia yenyewe ya wapagazi ingali inatembewa na wageni wakiongozwa na wenyeji. Njia hiyo ni ile ya Kokoda, katika nchi ya Papua Guinea Mpya.

Kokoda ni kijiji kilicho kaskazini ya milima ya Owen Stanley. Upande wa kusini, njia huanzia Owers' Corner, kiasi cha kilomita 50 kutoka mji wa Port Moresby. Hupanda na kushuka kwa kilomita 96, na penye mlima Bellamy hufikia mita 2190 juu ya usawa wa bahari. Kwa mstari ulionyooka, ncha zake mbili zimeachana kwa kilomita 60 tu. Tofauti hiyo yatosha kumwonyesha msomaji jinsi inavyojikunja. Kabla ya vita ilipitwa na wachimba dhahabu waliokwenda Yodda, na polisi waliobeba barua. Wenyeji wake ni Wakoiari upande wa kusini na Waorokaiva upande wa kaskazini.

Tarehe 21 Julai 1942 Wajapani walishuka pwani karibu na Gona, wakikusudia kuvuka milima na kuiteka Port Moresby. Waliopambana nao kwanza, tarehe 23 Julai huko Awala, walikuwa askari Wapapua pamoja na maofisa wao Waaustralia. Baadaye batalioni ya 39 ya Australia, ambayo wengi wake walikuwa vijana wasio na mazoezi ya kutosha, ilirudi nyuma hatua kwa hatua. Mapigano makali yalitokea Isurava mwishoni mwa Agosti. Wajapani walifika Ioribaiwa mwezi Septemba, njaa ikiwaandama, kisha wakaamriwa kurudi kwa sababu wakuu wao walikuwa wameelemewa na vita vya Guadalcanal. Tarehe 2 Novemba Waaustralia waliingia Kokoda tena. Kiasi cha 625 kati yao walikuwa wamekufa, na walioangushwa na malaria, kuhara na magonjwa mengine walikuwa wengi kuliko waliojeruhiwa kwa risasi.

Hayo ndiyo yasimuliwayo kwa kawaida. Tuje sasa kwenye hesabu ambayo bila hiyo vita hivyo havieleweki. Hapakuwa na barabara ya gari wala njia ya kupitisha wanyama wa mizigo kwa wingi. Kila kitu kilikwenda mgongoni mwa mtu. Bert Kienzle, mkulima wa mpira aliyepewa kazi ya kuwasimamia wapagazi, alijua kwamba mpagazi anayebeba chakula kitupu hukimaliza chote mwenyewe kwa muda wa siku 13. Akimlisha na askari mmoja, mzigo ule huwatosha wawili kwa siku sita na nusu. Na safari ya kufika Deniki, karibu na Kokoda, ilichukua siku nane! Ni dhahiri kwamba njia ingejila yenyewe. Ndiyo maana mwezi wa Agosti Kienzle alikwenda kutafuta uwanda wa Myola, bonde wazi katikati ya milima, ili ndege zidondoshe chakula hapo.

Wapagazi walipanda na risasi na mchele, wakateremka na majeruhi. Machela moja ilihitaji watu wanane, wakibadilishana zamu katika matope na kwenye mito yenye mkondo mkali. Daktari Geoffrey Vernon, aliyekuwa pamoja nao, alilalamika kwamba wanapewa mizigo inayopita kiasi, chakula haba, na blanketi zisizotosha kwa baridi ya milimani. Wengi walichukuliwa kwa amri ya serikali iliyotolewa mwezi Juni 1942, wala hawakuulizwa hiari yao. Wengi walitoroka. Upande wa pili, Wajapani nao walikuja na watu waliowatoa Rabaul, ambao hutajwa mara chache kabisa.

Walielewana kwa lugha gani? Msomaji wa jarida hili atapenda kujua kwamba upande wa Papua lugha ya kazi ilikuwa Kimotu kilichorahisishwa, kilichoitwa wakati ule Kimotu cha Polisi kwa sababu kilienezwa na polisi waliotoka makabila mbalimbali. Leo huitwa Hiri Motu. Sisi tunaojua jinsi misafara ilivyokifikisha Kiswahili Maniema na Katanga hatuna sababu ya kushangaa. Njia ya mizigo ni njia ya lugha pia.

Sasa kuhusu jina. Waaustralia waliwapa wapagazi hao jina la Fuzzy Wuzzy Angels, ambalo kwa Kiswahili tungesema «malaika wenye nywele za timutimu». Watumiaji wake wachache wanajua kwamba nusu ya kwanza ya jina ilitoka Afrika: askari wa Uingereza waliwaita hivyo wapiganaji Wabeja wa mashariki ya Sudani katika miaka ya 1880, na shairi la Rudyard Kipling likalieneza. Lilianza kama jina la adui mwenye nywele nyingi, likahamishiwa kwa mtu mwingine mwenye nywele nyingi, kisha likaongezewa umalaika. Sitaki kuidharau shukrani ya majeruhi aliyefikishwa hospitalini akiwa hai; ilikuwa ya kweli. Hata hivyo malaika hana mkataba, hana mshahara, hachoki, wala hatoroki. Jina hilo linasifu na papo hapo linafuta. Linafuta pia yale yasiyopendeza: mwaka 1943 utawala wa Australia uliwanyonga hadharani, huko Higaturu, Waorokaiva kadhaa walioshitakiwa kuwasaidia Wajapani. Watu wale walikuwa wamejikuta kati ya majeshi mawili ya kigeni, katika mashamba yao wenyewe.

Leo safari ya miguu ya kuvuka njia nzima huchukua kwa kawaida kati ya siku sita na kumi. Mgeni hulipia kibali, huandamana na kiongozi, na mara nyingi huajiri kijana wa kumbebea mzigo. Usiku hulala katika vituo vya vijiji kama Menari na Efogi. Mwaka 2001 waliosafiri hawakufika 100. Mwaka 2008 walizidi 5000. Kituo kinachowagusa wengi ni Isurava, ambako mwaka 2002 zilizinduliwa nguzo nne za mawe meusi, kila moja ikiwa na neno lake: ujasiri, ustahimilivu, urafiki wa vitani, kujitoa mhanga. Hapo kiongozi huwasimulia wageni habari za vita, na mara nyingine kiongozi huyo ni mjukuu wa mpagazi. Kwa maoni yangu masimulizi hayo yana thamani kuliko nguzo, kwa kuwa ndani yake babu ana jina na kijiji.

Picha mashuhuri kuliko zote ilipigwa na George Silk karibu na Buna, tarehe 25 Desemba 1942: Mpapua anamwongoza askari George Whittington aliyefungwa kitambaa machoni. Whittington alikufa mwezi Februari 1943. Mpapua yule, Raphael Oimbari, aliishi hadi mwaka 1996. Nishani ya ukumbusho ambayo Australia iliwatolea wapagazi waliokuwa hai na wajane wao ilianza kutolewa mwaka 2009, yaani miaka 67 baada ya vita vya njiani.

Katika semina tuliandika «mpagazi wa vita» kwenye orodha yetu, chini ya kichwa kimoja na «askari wa zamani». Mwanafunzi yule yule akapinga: «mpagazi», alisema, lanuka misafara ya pembe za ndovu. Mwingine akapendekeza «tenga-tenga», kama wasemavyo majirani zetu wa Zambia kuhusu wachukuzi wa vita vya 1914-1918. Hatukuafikiana, na nafasi mbele ya neno hilo ingali na alama ya kuuliza.