Raha ya Mafichoni: Mashabiki wa Muziki wa Migori na Homa Bay na Haya ya Kupenda

Utangulizi

Msamiati wetu wa uhakiki una maneno mengi ya kuisifu kazi ya sanaa, na mengi zaidi ya kuitia kasoro. Hata hivyo, hauna neno lililokubaliwa la kutajia hali moja ambayo kila mpenda muziki anaijua, nayo ni hali ya mtu kuupenda wimbo ambao angeona haya kukutwa akiusikiliza. Katika makala haya tutaiita hali hiyo "raha ya mafichoni". Tunakusudia kuonyesha namna inavyojitokeza katika mabishano ya mashabiki wa muziki wa Migori na Homa Bay, na kueleza chanzo chake. Mwisho tutajiuliza kama sisi wenyewe, walimu na wachunguzi wa lugha, tumesalimika na haya hiyo.

Migori na Homa Bay ni kaunti mbili za kusini-magharibi mwa Kenya, ambazo zamani zilikuwa pamoja katika wilaya ya Nyanza Kusini. Wakazi wengi husema Dholuo. Hata hivyo, Migori inapakana na Tanzania, ina Wakuria katika sehemu za mpakani, na huwavuta wafanyabiashara wa makabila mengi. Kwa hiyo katika masoko, magari ya abiria na vilabu vya mji huo, Kiswahili ni lugha ya kila siku, na mara nyingi mabishano juu ya muziki hufanyika kwa Kiswahili kilichochanganyika na Dholuo. Ng'ambo ya mpaka iko Shirati, alikozaliwa D. O. Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz aliyefariki mwaka 2006, na mmoja wa waliolijenga jina la benga. Nchi hii, basi, si ugenini kwa muziki. Ni chimbuko lake mojawapo.

Shutuma na namna za kujitetea

Shutuma zinazotolewa katika mabishano hayo zaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mahali: muziki fulani husemwa kuwa ni wa kishamba. La pili ni la wakati: husemwa kuwa ni wa kizamani, wa wazee. La tatu ni la mwenendo: husemwa kuwa ni wa walevi, au ni wa matanga. Ni jambo la kuangaliwa kwamba katika mafungu yote matatu hakuna linalohusu sauti, ala wala mashairi. Anayeshutumiwa ni msikilizaji. Wimbo umetumiwa kama kidole cha kumnyooshea mtu.

Mwenye kushutumiwa naye ana mbinu zake. Wapo wanaojificha nyuma ya wazee, wakidai kwamba wimbo ule ulipendwa na baba na wao wanausikiliza kwa kumbukumbu tu. Wapo wanaojificha nyuma ya mzaha, wakaucheza kwa kuigiza ili ionekane kuwa wanaukejeli. Wapo pia wanaojificha nyuma ya ala: hawajali maneno, wanafuata gitaa tu. Utetezi huu wa mwisho unatuhusu sana sisi wa lugha, kwa maana anayeutumia huwa mara nyingi ameyahifadhi maneno hayo yote kichwani, asikose hata moja.

Ni haki kusema kwamba si kila haya ni ya bure. Katika sehemu hizi, kama kwingineko nchini Kenya, kumekuwa na desturi ya kucheza muziki usiku kucha penye msiba, ijulikanayo kama disko matanga. Watawala wameipiga marufuku mara kwa mara kwa sababu wasichana wadogo wamepatwa na madhara humo. Mzazi anayeuchukia muziki unaomkumbusha usiku kama huo hana kasumba, ana uchungu. Lakini yapasa kutenganisha mambo mawili: lile lililotendeka mahali wimbo ulipopigwa, na wimbo wenyewe. Mashabiki huyachanganya, na wahakiki pia.

Msikilizaji wa zamani hakujificha

Sasa tuuendee mzizi wa jambo. Katika desturi ya Waluo, msikilizaji hakuwa mtu wa kunyamaza. Panapopigwa nyatiti, yaani kinubi chenye nyuzi nane, yeyote aliyeguswa aliweza kusimama, kutoa fedha, kuusimamisha muziki, na kujisifu mbele ya watu: kwao ni wapi, yeye ni mwana wa nani, rafiki yake ni nani, na anajivunia nini. Akimaliza, muziki huendelea. Desturi hii huitwa pakruok, neno litokanalo na kitenzi pako, kusifu. Wachunguzi wengi wameiangalia pakruok kama utanzu wa sifa, na hilo ni sahihi. Lakini yafaa kuiangalia kwa upande wa pili vilevile: ni kiapo cha mapenzi. Aliyelipa na kujitaja mbele ya umati hawezi kesho kusema kuwa alikuwa akipita tu. Ameupenda muziki kwa jina lake na kwa jina la ukoo wake.

Mahali penye pakruok, raha ya mafichoni haipati pa kukaa. Twaweza basi kudai kwamba raha hiyo ni mtoto wa usikilizaji wa faraghani. Ilianza kukua pale santuri, redio na baadaye kaseti zilipomwezesha mtu kuusikia muziki bila kuonwa na mwanamuziki wala na jirani, na imekomaa siku hizi ambapo kila mwenye simu aweza kuziba masikio yake na kubaki peke yake na wimbo autakao. Chombo kilimpa msikilizaji uhuru wa kuchagua, na papo hapo kikampa mahali pa kufichia chaguo lake.

Redio iliongeza jambo jingine, nalo ni daraja. Sauti ya Kenya iligawa matangazo yake kwa lugha. Idhaa ya Kiingereza ilitawaliwa na muziki wa Ulaya na Marekani, na benga ikasikika zaidi katika matangazo ya Kiswahili na ya lugha za kienyeji. Hivyo msikilizaji alijifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba muziki una ngazi kama vile lugha zilivyo na ngazi. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya ilipoamua kwamba sehemu kubwa ya muziki hewani iwe ya Kenya, malalamiko yalikuwa mengi na uamuzi huo haukudumu. Sababu za malalamiko zilikuwa nyingi, na baadhi zilikuwa za haki. Hata hivyo, jambo moja lilidhihirika: walikuwapo Wakenya walioona muziki wa kwao kuwa ni kitu cha kuvumiliwa.

Wakati huohuo mambo yalikuwa kinyume kusini mwa Afrika. Santuri za benga zilizotolewa na Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki ambaye baadaye aliingia Bunge la Kenya, zilipendwa sana Zimbabwe, hata muziki wa namna hiyo ukaitwa huko "kanindo" kwa jina lake. Jina la "sungura", linalotumika hadi leo kwa muziki mkubwa wa magitaa wa nchi hiyo, hutajwa kuwa limetokana na chapa ya santuri hizo. Muziki ulioonwa Nairobi kuwa wa kishamba ulikuwa huko mtindo mpya. Mpigo wa gitaa ni uleule. Wasikilizaji ndio waliobadilika.

Ohangla: kutoka mafichoni hadi jukwaani

Ikiwa haya hutoka kwa wasikilizaji, basi yaweza kuondoka wasikilizaji wakibadilika, hata katika nchi ileile. Mfano ulio wazi ni ohangla. Ngoma hii, ipigwayo kwa ngoma nyingi nyembamba zilizowambwa kwa ngozi ya kenge, ilihesabiwa kuwa ya watu wazima. Maneno yake yalisemwa kuwa machafu, na waumini wengi wa makanisa waliiepuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanamuziki kama Tony Nyadundo waliifikisha katika vilabu vya miji mikubwa, na vituo vya redio vya Dholuo vikaichukua. Kinanda cha umeme kiliongezwa. Leo ohangla hupigwa arusini na katika mikutano ya siasa. Miongoni mwa sauti zake zilizovuma alikuwamo Lady Maureen, aliyefariki mwaka 2022.

Kilichobadilika ni nini? Maneno yalipunguzwa ukali kidogo, ni kweli. Lakini badiliko kubwa lilikuwa kwamba watu wenye cheo walisimama wakatajwa majina humo. Pakruok ilirudi, safari hii ikiwa na kipaza sauti. Pindi mheshimiwa alipolipa ili asifiwe, mwalimu na karani hawakuwa tena na sababu ya kujificha. Haya iliondolewa na kule kule ilikotoka, yaani kwa macho ya watu.

Haya ya mwanaisimu

Ama kuhusu sisi wenyewe, nadhani tunayo raha yetu ya mafichoni, nayo ni nyimbo za Kiswahili zilizotungwa na watu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Mapema katika miaka ya 1970, Gabriel Omolo aliimba kwa Kiswahili wimbo uitwao "Lunch Time", kuhusu wafanyakazi wa mjini na saa ya mlo wa mchana, na ukavuma nje ya mipaka ya Kenya. Baadaye Migori ikamtoa Princess Jully, aliyeiongoza Jolly Boys Band baada ya mumewe, Prince Jully, kufariki mwaka 1997. Wimbo wake "Dunia Mbaya" ulizungumzia UKIMWI waziwazi, katika sehemu ambayo maradhi hayo yaliiumiza kuliko sehemu nyingi za Kenya, na katika miaka ileile ambapo serikali ilikuwa ikikaribia kuyatangaza kuwa janga la taifa, jambo lililofanyika Novemba 1999. Wimbo huo uliwafikia watu ambao vijitabu vya afya havikuwafikia, na uliwafikia wakicheza.

Nyimbo za aina hii ni nadra kuzikuta katika mihadhara yetu. Sababu tunayoitoa ni upatanisho wa kisarufi: ngeli huvunjwa, viambishi huachwa, na maneno ya Dholuo huingia bila kubisha hodi. Lakini tuchukue jambo moja dogo la fani. Dholuo haina sauti "sh" wala "z". Kwa msemaji wa Dholuo aliyejifunza Kiswahili ukubwani, maneno "pesa", "cheza" na "maisha" huweza kumalizikia kwa sauti moja. Mshairi wa Lamu au Mombasa atahesabu hapo vina vitatu. Mwimbaji wa kando ya ziwa aweza kusikia kina kimoja kamili. Je, tuseme wa pili amekosea kanuni, au tuseme anatunga kwa sikio jingine la Kiswahili ambalo bado hatujalichunguza? Swali hili lingefaa kujaza tasnifu nzima, lakini anayetaka kuliuliza huogopa kuchekwa.

Historia ya Kiswahili yenyewe yatuonya. Taarabu ilipoingia katika kasri la masultani wa Unguja iliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na mtu wa asili ya kidhalili, aliiimba kwa Kiswahili cha watu wa chini, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika santuri huko Bombay. Wapo waliomdharau. Leo hatuna haya ya kumtaja, kwa kuwa Shaaban Robert alisimama akaandika wasifu wake. Ninaona kitabu kile kuwa ni pakruok ya aina yake: mwandishi mwenye heshima alilipa kwa kalamu yake na kuyatangaza mapenzi yake mbele ya watu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba raha ya mafichoni haimo ndani ya wimbo. Imo katika uhusiano wa msikilizaji na wale wanaomwona. Usikilizaji wa hadharani wa Nyanza ulimtaka mtu ajitaje, nao usikilizaji wa faraghani ulimruhusu akane. Shabiki akikana, hasara ni yake. Mchunguzi akikana, hasara ni ya wote, kwa sababu kisichotajwa hakirekodiwi, hakinukuliwi wala hakihifadhiwi. Princess Jully alifariki Oktoba 2024. Wenzake wengi wa rika lake na wa rika lililomtangulia wamekwisha kwenda, na kaseti zao zinaliwa na vumbi na joto katika maduka ya Migori, Awendo na Homa Bay.

Kazi iliyo mbele yetu si ngumu kuitaja. Nyimbo hizi zikusanywe pamoja na maneno yake, zinukuliwe jinsi zilivyoimbwa bila kusahihishwa, na mashabiki waulizwe wanavyobishana juu yake. Lakini kabla ya kwenda kumuuliza shabiki wa Migori ni wimbo gani anaouonea haya, yafaa kila mmoja wetu asimame kwanza, ataje jina lake na kwao, kisha aseme ni wimbo upi anaoufungulia redio akiwa peke yake.