Kamba Inapolegea: Jinsi Punda Mchanga Anavyofundishwa Kazi

Katika Wasso na vijiji vya jirani, wilayani Ngorongoro, kaya nyingi hutegemea punda kuchota maji wakati wa kiangazi. Farasi hawezi kushika nafasi hiyo kwa urahisi, kwani ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, humwua mara nyingi, hali punda huuhimili. Miongoni mwa Wamasai kazi ya punda husimamiwa hasa na wanawake. Kwa hiyo punda aliyeharibiwa na mafunzo mabaya humrudishia mama mzigo mgongoni.

Husemwa kwamba punda ni mkaidi. Usemi huo haumtendei haki. Farasi akishtuka hukimbia. Punda, ambaye wazazi wake wa mwituni waliishi katika nchi kame za Kaskazini-Mashariki mwa Afrika na kuanza kufugwa yapata miaka 7,000 iliyopita, husimama kwanza akatazama. Kumpiga wakati huo ni kumthibitishia kwamba hofu yake ilikuwa ya haki.

Mafunzo huanza kwa hatamu ya kamba laini isiyokaza kama tanzi. Mfunzaji huivuta kidogo, kisha hungoja. Punda akisogeza mguu mmoja tu, kamba hulegezwa papo hapo. Somo lenyewe limo katika kulegeza huko, wala si katika kuvuta: mnyama hurudia kitendo kilichotangulia nafuu. Nafuu ikichelewa sekunde chache, hawezi tena kuihusisha na hatua aliyopiga. Punda mzoefu akitangulia, kazi huwa nyepesi zaidi, kwa sababu mwanafunzi huyu hapendi kuachwa peke yake. Naye asiendewe kwa nyuma, mahali ambapo macho yake hayafiki. Mkono uanzie begani, ufuate mgongo polepole. Baada ya siku kadhaa huwekewa gunia tupu, kisha shogi tupu.

Kosa kubwa hutokea hapa. Punda wa miaka miwili huonekana mkubwa, lakini mifupa yake ingali ikikua penye gegedu. Ile ya miguu hukomaa mapema. Pingili za uti wa mgongo ni za mwisho, nazo hazikamiliki kabla ya mwaka wa tano hivi. Madumu mawili ya lita 20 yana kilo 40 za maji, yaani theluthi nzima ya uzito wa punda wa kilo 120. Mzigo kama huo haumfai mchanga hata akiubeba bila kulalamika. Hata kwa punda mzima, madumu yalingane pande zote mbili, na matandiko yasiuguse uti wa mgongo.

Matandiko yanapoondolewa baada ya safari, manyoya yatazamwe. Doa kavu katikati ya jasho huonyesha mahali palipobanwa mno, na hapo ndipo kidonda kitakapotokea.