Milimita moja ya bolingi na ardhi ya Goma

Fundi wa Goma anayemwaga sakafu juu ya jiwe la volkano hahitaji kuelezwa nivo ni kitu gani. Anaiweka hapa, anaisogeza pale, anakitazama kiputo cha hewa mpaka kitulie katikati. Kikiegemea kidogo upande mmoja, mwenye nyumba hatagombana naye: kabati litasimama na kitanda hakitakimbia. Kwenye ukumbi wa bolingi fundi huyo angerudishwa kazini. Kanuni za Marekani, ambako mchezo huu una ofisi yake kubwa ya vipimo, zinaruhusu uso wa njia, yaani sakafu ndefu ambako tufe huviringishwa kwenda kuangusha pini, kupanda, kuzama au kuinama kwa milimita moja tu na kidogo. Ikizidi hapo, cheti hakitoki.

Ukiishika barabara ya taifa namba 2 kutoka Goma kwenda Rutshuru, ukaipita Rumangabo, unafika Kalengera. Huku mchezo ni kandanda, na mkaguzi wa uwanja hatafutwi na mtu. Haki inapatikana kwa njia nyepesi: goli likiwa limepinda au kona moja ina tope, kipindi cha pili timu zinabadilishana upande na kila mmoja anaonja shida ya mwenzake. Bolingi haina ujanja huo. Aliyeangusha pini zote leo Kampala analinganishwa na aliyeziangusha jana Nairobi, nao hawajawahi kuonana. Alama zao zitakuwa na maana iwapo tu njia mbili hizo ni kitu kimoja. Mkaguzi anakuja kwa ajili hiyo. Uzuri wa ukumbi, viti vyake na soda yake baridi si kazi yake.

Chama cha bolingi cha Marekani kilianzishwa New York Septemba 1895, hasa kwa sababu kila mji ulikuwa na vipimo vyake na ubishi haukuisha. Mwaka 2005 kiliungana na vyama vingine, kikawa United States Bowling Congress, na kumbi zinazotaka alama zake zitambuliwe hukaguliwa kila mwaka. Mkaguzi anaanza na utepe: kutoka mstari wa kurushia mpaka katikati ya alama ya pini ya mbele ziwe mita 18.29. Upana wa njia uwe kati ya mita 1.04 na 1.07. Mifereji ya pembeni, inayomeza tufe lililopotea, nayo inapimwa, pamoja na sehemu ya kukimbilia, ambayo haipaswi kupungua mita 4.57.

Kazi ngumu inafuata. Analaza rula ndefu ya chuma kukingama njia, na panapoonekana mwanga chini yake anapenyeza kipande chembamba cha bati kilichopimwa unene. Kikipita kisichotakiwa kupita, anaandika namba ya njia na umbali kutoka mstarini. Anasogea mbele, analaza rula tena, anapiga magoti tena. Ukumbi wenye njia 20 unaweza kummaliza mtu viungo! Mwishoni anafika kwenye pini kumi: kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya jirani yake ziwe sentimita 30.48. Pini yenyewe ina urefu wa sentimita 38.1 na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Tufe halipaswi kuzidi kilo 7.26.

Zamani njia ilijengwa kwa mbao 39 zilizosimamishwa ubavu kwa ubavu, za mti mgumu pale tufe linapotua na pale pini zinaposimama, na za msonobari katikati. Mbao hunywa unyevu, zikavimba. Siku hizi kumbi nyingi zimeweka nyuso za plastiki ngumu, lakini chini yake bado kuna mbao au sakafu, na sakafu ina tabia zake.

Kuna kitu kingine ambacho rula haikioni: mafuta. Njia hupakwa mafuta membamba ili tufe liteleze kabla ya kukamata na kukata kona, na namna yalivyopangwa inaweza kumfanya mchezaji wa kawaida aonekane bingwa. Tarehe 1 Julai 1982, huko La Habra, California, Glenn Allison, mwenye umri wa miaka 52, aliangusha pini zote mara 36 mfululizo. Michezo mitatu, alama 900, jambo ambalo halikuwahi kuandikwa. Wakaguzi walipopima njia alizochezea walisema mafuta hayakufuata kanuni, na chama kikakataa kuitambua rekodi. Rekodi ya kwanza ya 900 iliyokubaliwa ikaenda kwa Jeremy Sonnenfeld, mwanafunzi, huko Lincoln, Nebraska, Februari 1997. Mimi namhurumia Allison, maana hakuyapaka yeye mafuta yale. Lakini chama kingemkubalia yeye, kingekuwa na jibu gani kwa aliyecheza kwenye njia halali akakosa pini moja?

Sasa ulete ukumbi huo hapa kwetu. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 22, 2021, ardhi iliendelea kutetemeka siku kadhaa, nyufa zikakata barabara za mji, na Mei 27 wakazi wa mitaa kadhaa wakaamriwa kuondoka. Nyumba nyingi zilizobaki zimesimama zilionekana salama kwa macho. Kwa rula ya chuma hadithi ingekuwa nyingine: ufa wa unene wa kucha chini ya njia unatosha kuitoa nje ya kanuni, na cheti cha miezi miwili nyuma kinabaki karatasi ukutani. Katika mji unaotetemeka, kukagua mara moja kwa mwaka ni kidogo mno. Njia zipimwe upya kila baada ya tetemeko linalosikika, hata kama hakuna glasi iliyoanguka mezani.

Kwa hiyo mfanyabiashara atakayepata wazo la kuleta bolingi Goma, amani ikiruhusu, aanze na msingi mzito, rula ya chuma na mtu aliyefunzwa kuitumia. Taa za rangi na spika kubwa anunue zikibaki pesa.